Firigisi ya Wabuge

Katika nyumba ya Wabuge, pale Eldoret, kulikuwa na sheria moja ambayo hata mwalimu wa zamu asingethubutu kuigusa: kuku akichinjwa, firigisi ni ya mwenye nyumba, na mwanamke haionji. Nekoye, binti yake wa pekee, aliitamani tangu aote meno. Huko bwenini alikuwa amejifunza kutia chumvi kwenye chai ya viranja na kuomba msamaha kwa uso wa malaika, lakini firigisi ya baba yake hakuwahi kuionja.

Agosti hiyo ya 2008, shule zilipofungwa, alikuta mama yake amechinja jogoo. Harufu ya vitunguu na dania ilimpokea langoni, ikipita juu ya mabati ambayo bado yalikuwa meusi kwa moshi wa Januari, majirani walipochomeana nyumba baada ya uchaguzi. Kwa mama yake, kupika kidogo ilikuwa aibu. Hata kwenye kambi ya waliofukuzwa makwao, walikoishi ndani ya hema kwa miezi, aligawa githeri ya msaada, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha, mpaka kwa watoto asiowajua, na kila jioni alifunika sahani moja ya mumewe. Wabuge alikuwa ameenda Moiben kukamua ng'ombe wa tajiri wake siku matokeo ya kura yalipotangazwa. Hakurudi.

"Karibu, msomi," mama alisema. "Nawa mikono usonge ugali. Baba yako mdogo anakuja."

Nekoye alibaki amesimama na begi mgongoni. Kituyi, mdogo wa baba yake, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na tumbo kubwa na sauti ya upole. Lakini mwanamume mzima akiketi mbele ya kuku, firigisi humwendea yeye. Na ikimwendea Kituyi, basi nyumba imepata mwenyewe mwingine, na Wabuge atakuwa amezikwa kwa kijiko cha mchuzi, bila hata padri.

Mama alitoka kumpelekea jirani yao, Mama Chebet, bakuli la nyama. Tangu Januari wanawake hao wawili walikuwa wamekosa la kusemezana, lakini bakuli bado lilivuka ua kama zamani. Nekoye akafunua sufuria, akaopoa firigisi, akaifunga kwenye leso na kuitia mfukoni mwa sweta ya shule. Ilimchoma ubavuni. Aliona hiyo ni adhabu nyepesi.

Kituyi alipofika aliombea chakula kwa kirefu, kisha akachungulia bakuli. Akageuza paja. Akageuza kidari. Akainua shingo na kuangalia chini yake.

"Shemeji," akasema taratibu, "huyu jogoo alikuwa anaishi vipi bila firigisi?"

Mama aliganda. Kwao, kumwandalia mgeni kuku asiye na firigisi ni kosa lililowahi kurudisha wanawake kwa wazazi wao, sanduku kichwani.

"Alikuwa jogoo wa mjini, Baba mdogo," Nekoye alisema kwa uso wa kanisani. "Hawa hula vitu laini tu."

"Hilo bweni limekuharibu," Kituyi akacheka kidogo. Kisha kicheko kikamwishia. Akasogeza sahani kando.

"Mama Nekoye, sikuja kwa sababu ya firigisi. Nimetoka Moiben. Kuna mzee amenionyesha mahali walipomzika kaka, kando ya shamba la mahindi. Alikuwa amelihifadhi koti lake."

Akalitoa kwenye mfuko wa plastiki. Lilikuwa koti la kahawia lenye kifungo kimoja cha waridi, ambacho Nekoye mwenyewe alikishona kwa utani alipokuwa darasa la sita. Baba yake alikataa kukibadilisha.

Mama alichukua mwiko. Akamwongezea Kituyi ugali, kisha nyama, kisha ugali tena, mpaka mchuzi ukamwagika mezani.

"Kula, shemeji. Umetoka mbali."

Kituyi alikula huku machozi yakimdondoka kwenye sahani. Alipotoka nje kunawa, mama alinyoosha mkono bila kugeuka.

"Lete."

Nekoye akatoa leso. "Nilidhani nikiificha..."

"Najua ulichodhani. Mimi pia nilikuwa nimeizika chini kabisa ya sufuria, chini ya miguu na shingo."

Akaikata firigisi katikati. Nusu moja akaisukuma mbele ya binti yake.

"Sitaki, mama."

"Kula."

"Si wanawake hatuli?"

"Nani amebaki wa kutukataza?"

Mama akatia nusu yake mdomoni, na Nekoye akatia yake. Ilikuwa imepoa, ngumu kama raba, na ilinuka sabuni ya leso. Alitafuta mzaha wa kusema, hata ule wa kijinga kabisa. Hakuupata. Wakaendelea kutafuna, kila mmoja akingoja mwenzake awe wa kwanza kumeza.