Cherehani Haziondoki

Tajiri wetu alituma malori mawili kuhamisha cherehani za kiwanda cha mashati pale Cholet, Ufaransa. Wakili wetu alikuwa mahakamani akitafuta amri ya kuyazuia. Akichelewa tu, cherehani zimekwenda, na sisi washonaji hatuna kazi.

Madereva walifika karibu na saa sita mchana. Niliwakaribisha mezani uani, maana kwetu hata mwizi haibi saa ya chakula. Wakanywa supu, wakala sungura, wakashushia divai. Lakini jibini ilipoletwa nikatupia jicho langoni. Baada ya jibini watu huinuka, na wakili haonekani.

Alikuwepo Anselme Verdier, mwimbaji kutoka Paris. Alijiita engagé, yaani msanii aliyejitosa kwenye mapambano ya watu. Tangu tugome na kukikalia kiwanda alikuwa akituhutubia mpaka tukamchoka.

"Imba," nikamnong'oneza.

Akashika gita. "Naanza na ule wa damu ya wafanyakazi."

"Wee! Wataondoka mbio. Imba 'Busu la Pili.'"

Akawa mwekundu. Wimbo huo ndio uliompa jina ujanani, na alishaapa hataugusa tena.

"Odile, ule ni upuuzi! Mimi nimejitosa kwenye mapambano!"

"Basi jitose, baba! Unangoja nini?"

Akameza mate, akaanza. Dereva mnene akaangusha kisu. "Mungu wangu! Huu niliucheza harusini kwangu! Rudia, kaka!"

Akarudia. Mwenzake akaomba divai nyingine. Anselme akakonyeza, akazungusha kiuno, jasho likimtiririka, na mimi niliyemdharau wiki nzima nikampenda kama ndugu.

Meza nzima ilikuwa inaitikia kiitikio wakati wakili alipoingia akihema, amri ya hakimu mkononi. Hakuna cherehani kutoka!

Dereva mnene akaisoma, akafuta mdomo. "Haya, tajiri aje apakie mwenyewe." Kisha akamgeukia Anselme. "Ila wewe, kaka, una sauti tamu hivi, siasa uliifuata ya nini?"

Anselme alikuwa bado anatweta. "Siasa ndiyo hii, rafiki yangu."

Tulipiga vigelegele, tukaingia ndani, tukaziwasha cherehani zote kwa pamoja.