Chai ya Mkuu wa Kituo

Kila kituo nilichopitia kilikuwa na desturi moja. Mtuhumiwa akiwa mgumu, sajenti humwambia mkuu, "Afande, nenda kanywe chai." Mkuu huondoka. Akirudi, mtu kashakiri, na kusimama hawezi. Na mkuu, maskini, hakuona kitu!

Nilipopewa kituo hiki nilihamishia meza yangu chumba cha nyuma, kile askari walichokiita Jikoni kwa kuwa humo watu "waliiva". Nikaja na chupa yangu ya chai na vikombe. Atakayehoji, nikawaambia, atahoji mbele yangu. Walininunia, wakanibandika jina la Mama Chupa. Sikujali; jina halivunji mbavu.

Kisha mama yangu akaporwa mkoba sokoni, akasukumwa, akavunjika mkono. Mchana huohuo wakaleta mshukiwa, fundi viatu mwembamba, pingu mikononi. Kaka yangu aliingia nyuma yao, ametoka hospitali, macho mekundu.

Sajenti akafunga mlango. "Afande, leo nenda kanywe chai."

Kusikia neno chai, yule fundi akaketi sakafuni, akaficha nyayo zake chini ya makalio. Hakuna aliyekuwa amemgusa. Nikajua hii si mara yake ya kwanza kuletwa Jikoni.

"Mdogo wangu," kaka akasema, "kama huyu anatoka hapa mzima, usikanyage kwangu."

Nilitamani kutoka, sifichi. Mikono iliniwasha. Kila siku nilikuwa nawaimbia vijana kwamba sheria ni msumeno, na leo meno yake yalikuwa yananikata mimi.

Nikavuta kiti, nikaketi. Nikamimina chai, nikampa sajenti kikombe, nikachukua changu.

"Mnyanyue, mpe kiti," nikasema. "Mfungue mkono mmoja, naye anywe."

"Afande, huyu kamvunja mama yako!"

"Basi muulize. Nipo hapa."

Kaka akatoka akiubamiza mlango. Iliniuma, maana ndiye aliyenilipia shule. Nikamwagiza sajenti aufungue, uachwe wazi.

Fundi alikishika kikombe bila kunywa mpaka aliponiona nimekunywa changu. Akaapa hajawahi kumwona mama yangu. Sikumwamini hata kidogo. Nikamimina kikombe kingine, nikaendelea kukaa.