Beseni la Karani

Karani hakuwa karani wa ofisi yoyote. Alikuwa paka dume wa kijivu, mwenye mashavu ya mtu aliyezoea kula posho, na jina alilipata kwa kulalia daftari la vipimo. Mteja akija kupimwa kiuno, kwanza Karani abembelezwe ainuke, naye huinuka polepole kama anayesubiri muhuri.

Aliingia katika nyumba ile ndani ya gunia la mabaki ya vitambaa kutoka kiwandani, kitoto cha kuenea kiganjani. Mwenye nyumba, mshonaji ambaye mtaa ulimwita Fundi, alimnywesha maziwa kwa pamba tone kwa tone. Fundi hakujaliwa mtoto, na mumewe alikwisha kumzika. Aliyebaki naye ni dada wa mume, mwanamke mwenye meno machache na maneno mengi, aliyeitwa Bi Vituko. Wenyewe kwa wenyewe waliitana wifi: wakigombana wifi, wakipatana wifi.

Kwa kuwa alikulia kwenye vitambaa, Karani hakukubali kujisaidia penginepo. Mwekee mchanga, anautazama kama umemtukana mamaye. Mwekee majivu, anapiga chafya, anaondoka zake. Yeye ni beseni la vitambaa tu, tena vya pamba. Kwa hiyo siku alipokojolea suruali ya mwalimu mkuu, iliyokuwa mezani ikingoja vifungo, Fundi alidhani ni utovu wa adabu, akamchapa kandambili. Suruali ikafuliwa mara tatu, ikapigwa pasi, ikaenda shule. Bi Vituko aliapa kwamba mwalimu akipita njiani, paka wa mitaa mitatu walimsindikiza kama bwana harusi.

Walicheka wiki nzima. Kumbe mwenzao alikuwa akiomba msaada kwa njia pekee aliyokuwa nayo.

Wiki iliyofuata alichuchumaa kwenye beseni toka asubuhi mpaka adhuhuri, anajikamua, hatoi kitu, analia kwa sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Daktari wa mifugo, mwanamume mrefu aliyezoea ng'ombe, alimpapasa tumbo akasema njia ya mkojo imeziba. Ndani mna chembechembe kama mchanga. Akapitisha mrija mwembamba, mkojo ukatoka na damu. Akapiga marufuku samaki wakavu, akaagiza maji kwa wingi. Miezi miwili haikupita, ikaziba tena. Mara hii ya pili daktari alivua miwani kabla ya kusema.

"Mama, madume hawa njia yao ni nyembamba kama sindano yako. Mwekee vitambaa vyeupe. Asubuhi na jioni vishike kwa mkono wako. Vikiwa vimelowa, shukuru. Vikiwa vikavu, usingoje, usiulize jirani, njoo mbio. Siku moja tu inatosha kumuua."

Tangu hapo maisha ya Fundi yakawa beseni. Alikuwa hajanawa uso, mkono umo humo. Vikiwa vimelowa, cherehani siku hiyo iliimba. Vikichelewa kulowa, uzi haukuingia kwenye tundu la sindano, na shati moja lilipata mikono miwili ya kushoto. Akiwa msibani alikaa ukingoni mwa mkeka kama mwenye deni, robo saa, akaaga.

"Wifi," Bi Vituko alimwambia siku moja, "watu wakikuuliza habari za nyumbani, wewe unawajibu 'kakojoa'."

"Nina habari gani nyingine, wifi?"

Jibu hilo lilimtia Bi Vituko hofu kuliko ugonjwa wenyewe. Alimwona wifi yake anavyopukutika. Mifupa ya shingo ilitokeza, uji aliukoroga tu kisha akaurudisha jikoni. Usiku haukuwa usingizi, ulikuwa kusikiliza. Ugonjwa wa paka mmoja ulikuwa ukiwaumiza watu wawili.

Basi ikaja Jumamosi. Sare za wanafunzi zilikuwa zinatakiwa Jumatatu, na Fundi alikuwa na siku ya tatu hajala kitu cha maana. Bi Vituko aliamka mapema akatangulia kwenye beseni. Karani alikuwamo, amechuchumaa, mgongo umepinda. Alimtazama Bi Vituko, akatoka, akaenda kujilaza sakafuni penye ubaridi. Bi Vituko akashika vitambaa. Vikavu kama karatasi.

Jana jioni si alikojoa? Kidogo, lakini alikojoa. Saa sita haitafika atakuwa ameshatoa, Bi Vituko alijiambia. Kwa nini mtu afe kwa hofu ya asubuhi moja? Akachukua kikombe, akatia maji nusu, akadondoshea chai ya rangi kidogo, akakoroga kwa kidole, akamimina katikati ya beseni. Rangi ilikaa sawasawa. Mpaka mwenyewe aliinamia akanusa.

Fundi akatoka chumbani, mkono moja kwa moja kwenye vitambaa.

"Wifi! Kakojoa! Tena mwingi!"

"Si nilikwambia? Huyu atatuzika sote, kisha alalie daftari letu la rambirambi."

Fundi akacheka mpaka akashika mlango. Akanywa uji bakuli zima, akaomba mwingine. Bi Vituko alipokuwa akimmiminia, moyo wake ulijaa kama wa mtu aliyetibu.

Lakini saa sita ilifika, na saa tisa, na beseni kavu. Jioni Bi Vituko alisimama na kikombe jikoni. Kusema sasa ni kusema na ya asubuhi. Akamimina tena. Jumapili asubuhi akamimina mara ya tatu, na mara hii mengine yakaangukia sakafuni.

Saa mbili Karani alitapika povu. Fundi akampigia daktari simu. Daktari alikuwa shambani kwa watu, ng'ombe anazaa kwa shida. Alisikika akipumua kwa nguvu.

"Anakojoa?"

"Anakojoa, daktari. Jana mara mbili, na leo asubuhi nimeshika kwa mkono wangu."

"Basi hilo ni tumbo. Mpe maji kidogo kidogo. Nitapita jioni."

Bi Vituko alikuwa mlangoni na kisu na kitunguu. Aliyasikia yote. Akarudi jikoni. Akakata kitunguu, akakata na kingine kisichohitajika. Kule chumbani Karani akalia, mlio mrefu, halafu akanyamaza, na ule ukimya ndio uliomtoa Bi Vituko jikoni.

"Wifi, hakukojoa."

"Nani?"

"Karani. Tangu juzi usiku. Nilitia maji mimi."

Fundi alitabasamu kwa kuchoka. "Wifi, leo sina nafasi ya vituko vyako."

"Si kituko."

"Niache, nakuomba."

"Wifi, nakuapia!"

"Uliapa na kwa suruali ya mwalimu."

Hapo Bi Vituko alikimbia jikoni, akarudi na kikombe na birika. Mbele ya macho ya wifi yake akatia maji nusu, akadondoshea chai, akakoroga kwa kidole, akamimina kwenye beseni. Doa likatanda, la manjano, sawasawa na la jana. Fundi alilitazama. Akaingiza mkono, akashika, akautoa, akautazama mkono wenyewe.

Alimfunga Karani kwa kitambaa cha sare ambacho hakijakatwa, akatoka bila viatu, Bi Vituko nyuma yake akimpigia daktari simu.

Daktari aliwakuta wamekaa kwenye ngazi ya zahanati yake. Matope yalimfika magotini, na jasho la ng'ombe wa watu bado lilikuwa shingoni. Alimpapasa Karani mara moja tu, sura ikabadilika.

"Kibofu kimekuwa kigumu kama ndimu."

Alipitisha mrija. Ulikataa, ukakataa, halafu ukapita, na kilichotoka kilikuwa cheusi. Kwa muda Karani alipumua vizuri, hata akainua kichwa kumtafuta Fundi. Fundi akamwekea kiganja chini ya shavu. Halafu lile shavu likawa zito. Daktari alisikiliza kifua, akasikiliza tena mahali pengine, kisha akavua vifaa masikioni.

"Amekwenda. Sumu ilikuwa imekwishapanda mwilini. Lakini mama, sielewi. Ulisema jana alikojoa mara mbili?"

Bi Vituko alikuwa ukutani. Alijitayarisha kupigwa, kutukanwa, kufukuzwa. Aliyataka yote, hata kwa pamoja.

"Nilikosea, daktari," Fundi alisema. "Macho yangu siku hizi si mazuri."

Walimzika nyuma ya nyumba wakiwa wawili tu. Sare zilishonwa, zikatoka Jumatatu, kila shati na mkono wake wa kulia na wa kushoto. Majirani waliokuja kumpa pole, Fundi aliwapokea vizuri, na walipouliza nini kilimuua, alisema mkojo. Habari ya kikombe hakumwambia mtu. Bi Vituko alijaribu kuomba msamaha mara tatu, na mara zote tatu Fundi alijibu, "Yameisha, wifi," akaendelea kukanyaga cherehani.

Wiki ya pili mawingu yalikusanyika mchana, na nguo za wateja zilikuwa kwenye kamba. Bi Vituko alikuwa uani anaokota kuni. Matone yakaanza, makubwa, yakamlowesha kilemba na mabega.

"Wifi! Mvua! Njoo tutoe nguo!"

Fundi alikuja mpaka mlangoni. Alimtazama wifi yake, aliyelowa chapachapa, maji yanamtiririka puani. Kisha akanyoosha mkono nje ya paa, kiganja juu, akangoja. Tone likaangukia katikati. Akaliangalia. Likaja la pili.

"Kweli," alisema, akatoka kuzianua nguo.

Bi Vituko alibaki amesimama na kuni zake, analowa.