Mheshimiwa Aliyeunga Mkono

...na kuungwa mkono na nani, hebu ngoja, karani, rudi nyuma kidogo, lakini karani harudi nyuma, anasoma tu, kwa sauti ile niliyomfundisha mwenyewe darasa la nne, soma kwa kituo, binti, usikimbie, na kweli hakimbii, ameyatamka wazi, kikao kiliazimia kufunga chumba cha kujifungulia katika zahanati ya kata yangu, kata yangu mimi, mkunga ahamishiwe hospitali ya makao makuu na vitanda vimfuate, hoja ikatolewa na diwani wa kata ya sokoni, ikaungwa mkono na mheshimiwa... majina yangu yote matatu, hakuacha hata moja, Mungu wangu, mimi? lini? mwezi uliopita nilikuwa hapa hapa, kiti hiki hiki kinachoyumba, na laiti mashine ya kurudufu isingeharibika asubuhi hii nisingejua lolote, maana siku zote tunagawiwa makaratasi, mwenyekiti anauliza ukurasa wa kwanza, kimya, ukurasa wa pili, kimya, tunafunua tu, mkono juu, umethibitishwa, twendeni chai, miaka kumi na tano tunakwenda hivyo, nani anasoma muhtasari? leo ndiyo tumekalishwa tunasomewa kama watoto wa chekechea, na kumbe humo ndani kuna jina langu limelala. "Mzee Naunga, mbona unatoka jasho?" ananong'ona jirani yangu, yule diwani mnene tunayemwita Kicheko, "au chai imechelewa?" nacheka kidogo, heh, nyamaza wewe, Mzee Naunga, jina la muhula wa kwanza hilo, eti naunga mkono inanitoka kabla mtoa hoja hajamaliza kusimama, wakacheka, na mimi nikacheka, nikalizoea, hata kwenye mabango ya kampeni nililiweka, nikaona ni jina la mtu wa watu, mtu asiye na maneno mengi.

Sikusikia, ndivyo ilivyokuwa, siku ile jino lilikuwa linanipiga, huku nyuma kushoto, nikameza vidonge viwili na vikanilegeza, nilikuwa nimekaa kama gunia, na isitoshe hoja yenyewe walivyoifungafunga, kuunganisha huduma za afya ya uzazi, nani atajua kwamba maana yake ni kufuli mlangoni? sikusikia, basi, na dawa yake ni ndogo, muhtasari bado haujathibitishwa, bado haujatiwa saini, akimaliza kusoma mwenyekiti atauliza kama kuna marekebisho, nitasimama, nitafunga kifungo cha koti, nitasema mheshimiwa mwenyekiti, kuna kosa la uandishi, mimi sikuunga mkono hoja ile, karani amechanganya majina, hoja itakosa miguu, itarudishwa, chumba kitabaki, nani atabisha? Kicheko hakumbuki hata alichokula jana, wengine nusu walikuwa nje wanapokea simu, ni neno langu na la karani, na karani ni nani, kijana wa mkataba, miezi mitatu mitatu, ukiisha anapiga magoti tena kwa mkurugenzi... watamfukuza. Jioni hii hii watamfukuza, karani anayekosea jina la mheshimiwa kwenye azimio wa nini, na asubuhi amenikuta kwenye ngazi akasema shikamoo mwalimu, jengo zima wananiita mheshimiwa, yeye peke yake ndiye bado ananiita mwalimu, marahaba, mama hajambo? hajambo, mwalimu, anakusalimu. Lo. Lakini ni binti mmoja, na kule ni wanawake wangapi, ukipima, mtu mzima lazima apime, mwenyekiti anakohoa, "kifungu cha tisa, endelea," vifungu kumi na viwili, muda upo.

Na mama watoto nitamwambia nini, yeye ndiye aliyeshona mapazia ya chumba kile, yale ya kijani, alinipimisha madirisha kwa kamba kwa sababu hakuniamini na futi, na siku ya kufungua alisimama nyuma kabisa, hakutaka kuja kwenye jukwaa, ameacha kuja kwenye majukwaa yangu tangu kampeni ya pili, tangu siku ile niliposimulia tena habari ya mlango, naisimulia kila mahali, ndiyo iliyonipa udiwani, jinsi uchungu ulivyomkamata mke wangu, mtoto wetu wa kwanza akiwa tumboni, hakuna gari, hakuna machela, tukang'oa mlango wa nyumba tukamlaza juu yake, wanaume wanne, tukatembea mpaka barabara kuu, na hiyo ni kweli tupu, lakini kwenye jukwaa wanaume wakawa sita, kampeni iliyofuata wakawa wanane, na mvua ikaanza kunyesha, watu wakalia, wakanipigia kura wakilia, nikarudi nyumbani nimevaa mashada, yeye anapepeta mchele wala hanitazami, akasema, "Baba watoto, ile mvua uliitoa wapi?" nikasema mama watoto, siasa hiyo, akasema, "Jua lilikuwa kali. Nilikuwa natazama juu njia nzima, mimi ndiye niliyelala chali," akaendelea kupepeta. Mtoto hakuishi. Hilo hata jukwaani huwa nalisema haraka haraka, sijui kwa nini, nalipita kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya mtu anayemkwepa, na sasa baada ya yote hayo niende nikamwambie mama watoto, chumba kimefungwa, aliyeunga mkono ni mimi, ila jino lilikuwa linauma. Atanitazama tu. Bora angekuwa mtu wa kupiga kelele.

Karani amekunywa maji, anafunua karatasi, "kifungu cha kumi," sawa, ni kosa la uandishi, nitalisema kwa upole, nitaongeza kwamba ni binadamu, asiadhibiwe, tena nitamwombea mwenyewe kwa mkurugenzi, binti anafanya kazi nzuri, daftari lake hilo jeusi anaandika kila kitu, hata mtu akipiga chafya anaandika, siku ile aliketi pale pale pembeni, kichwa chini, kalamu inakwenda, aliinua kichwa mara moja tu, akanitazama, alinitazama kwa nini? kwa sababu nilikuwa nimesema kitu, nilisema nini, naunga mkono, hapana, kabla ya hapo, diwani wa sokoni alikuwa amesimama anasoma orodha ya vifaa vya kuhamishwa, mizani moja, taa moja, vitanda vitano, na mimi nikasema... nikasema ni sita. Nilisema hivyo. "Ni sita, mheshimiwa, vitanda ni sita," kwa sababu ni sita, nilivishusha mwenyewe kwenye lori, nikavikaza skrubu kwa mkono wangu, siwezi kuvumilia mtu akivihesabu vibaya, akasema ahsante, sita, akaandika, mwenyekiti akanitazama, nikaunga mkono.

Jino gani? jino niling'oa wiki moja kabla. Nilikuwa macho kuliko wote humu, nilikuwa macho kwa sababu asubuhi ile mwenyekiti alinishika bega kwenye korido, karibu na pipa la maji, akasema, "Mzee wangu, nafasi ya makamu iko wazi, nakuona wewe, ila leo usinitie aibu kwenye ile habari ya zahanati," na mimi nikasema nitaona, nitaona! na nikaingia nikakaa na nikasikia kila neno, kumbe mtu anaweza kujidanganya mwezi mzima na akalala vizuri... "Kifungu cha kumi na moja," anasoma, hakimbii, hajui kwamba dakika kumi zilizopita nilikuwa namtafutia kaburi, yeye aliyeandika sawasawa, kila jina, kila kitanda, muhtasari hauna cha kurekebishwa, hiyo ndiyo balaa yenyewe, mwenyekiti akiuliza kama kuna marekebisho jibu la haki ni hapana, hakuna, kikao kilisema hivyo na mimi nilisema hivyo, la kufanya lingekuwa kusimama baadaye, kwenye yatokanayo na muhtasari, na kusema nilisikia, nilielewa, niliahidiwa umakamu, naomba hoja irudishwe, na mwenyekiti amekaa pale ananitazama, na mwandishi wa habari wa redio yuko dirishani, na uchaguzi ni mwezi wa kumi, nitakuwa nimekwisha, kabisa, hata Kicheko atahama kiti. Naogopa, naogopa kweli kweli kama nisivyowahi kuogopa katika kazi hii, na bado kifungu kimoja, na ninajaribu kulisema taratibu moyoni nione kama linatamkika, nilisikia, mheshimiwa mwenyekiti, nilisikia, na karani anaendelea kusoma.