Dishi Lisilosikia

Wenzake walimbandika jina la Macho Mbali, kwa kuwa alitunza madishi ya satelaiti ambayo hajawahi kuyatia machoni. Alikaa ofisini na kuyaamuru kwa kompyuta: geuka, inuka, zima, washa. Nayo yakatii.

Asubuhi hiyo muuguzi wa zahanati ya mlimani alipiga simu, ya nne ndani ya wiki mbili.

"Dada, mtandao bado hakuna. Majibu ya vipimo siyapati."

"Huku kwangu kila kitu kijani. Labda kompyuta yako."

"Leo kompyuta? Juzi ulisema waya."

Macho Mbali akavuta kibodi. "Haya, toka nje ulitazame dishi. Naligeuza nyuzi kumi kushoto."

Akabonyeza. Namba kwenye skrini zikapanda hadi kumi.

"Limegeuka?"

"Limetulia kama maji mtungini."

"Mbona namba zimebadilika?"

"Namba unazo wewe. Dishi ninalo mimi."

Akaligeuza kulia, nyuzi ishirini. Skrini ikasema tayari. Muuguzi akasema bado. Macho Mbali akasogelea skrini.

"Una hakika hutazami tangi la maji?"

"Dada, akili zangu timamu!"

Mara mfagiaji wa ofisi akaingia akihema. "Nani anachezea dishi la hapa juu paani? Linazunguka kama limepagawa. Nimetupa ndoo nikakimbia!"

Macho Mbali akarudi kwenye kompyuta. Akapekua kumbukumbu za vifaa. Wiki mbili nyuma, kifaa cha kuendeshea dishi la mlimani kilipobadilishwa, alikosea, akaandika kwa mkono wake anwani ya dishi la mazoezi, lile la paani. Siku zote hizo aliripoti mlimani salama, kumbe alikuwa akipima paa lake mwenyewe.

"Dada, nisamehe. Ulikuwa unasema kweli."

Muuguzi akauliza: "Sasa litapona?"

"Sijui. Hata sijalipata. Nisomee namba iliyobandikwa kwenye kifaa kipya."

Muuguzi akasoma tarakimu moja moja. Kwa namba hiyo kifaa kikaonekana kwenye skrini, taa nyekundu tupu. Macho Mbali akasogeza dishi uzi mmoja, akauliza kama mtandao umerudi. Akasogeza mwingine, akauliza tena. Muuguzi akapiga kigelegele: majibu yalikuwa yanaingia.

Macho Mbali hakucheka. Vituo vingine thelathini viling'aa kijani mbele yake, asijue kipi kinasema kweli. Akavuta simu, akaanza na cha kwanza.

"Samahani, ndugu, unaweza kutoka nje kidogo?"