Ukurasa Uliosema Hakuna Mtu

"Hakuna aliyepatikana."

Mtengeneza tovuti aliyasoma tena maneno hayo, ingawa ni yeye mwenyewe aliyeyaandika. Tovuti ya wachangiaji damu, aliyoihamishia juzi kwenye kompyuta mpya ya hospitali, ilidai kwamba mji mzima haukuwa na mtu hata mmoja mwenye damu ya aina ya dada yake. Na dada yake alikuwa chumba cha pili. Alikuwa amejifungua salama, lakini damu ilikataa kukatika.

"Shemeji," mume wa dada aliita kutoka mlangoni, shati limemganda mwilini kwa jasho, "daktari anauliza kama tumepata mtu."

"Bado natafuta."

"Unatafuta, au mnakodoleana macho na hiyo mashine?"

Kwa kukosa la kufanya, aliandika aina ya damu yake mwenyewe, yeye aliyekuwa mchangiaji wa kwanza kusajiliwa humo.

"Hakuna aliyepatikana."

Ndipo akakumbuka. Wakati wa majaribio alikuwa ametengeneza, ndani ya kompyuta hiyo hiyo, hifadhidata tupu, ghala lisilo na jina la mchangiaji hata mmoja, akaipa jina la ile ya kweli iliyobaki kwenye seva, kompyuta kuu iliyoko mji wa mbali. Majaribio yalikwisha; anwani ambako tovuti ilitafutia majina hakuibadilisha. Tangu juzi programu zake zilikuwa zikikiuliza chumba kitupu, nacho kikizijibu kwa adabu zote.

Akaandika anwani ya seva ya mbali. Ikamkatalia: haikuitambua kompyuta mpya. Akampigia simu msimamizi wa seva hiyo, mzee aliyebandikwa jina la Kufuli kwa jinsi alivyofunga kila kitu.

"Shikamoo, mzee. Naomba uiruhusu kompyuta mpya ya hospitali iingie kwenye seva, sasa hivi."

"Marahaba. Hata hali huniulizi? Mashine nisiyoijua siifungulii, mwanangu. Ungeniarifu kabla ya kuhama."

"Nimekosa, mzee. Dada yangu anavuja damu."

Zikasikika herufi zikibonyezwa upesi.

"Nisomee anwani yake. Taratibu, mama. Ukikosea moja, tutaanza upya."

Alisoma tarakimu moja moja. Alipojaribu tena, majina na namba za simu yakajitokeza kwenye kioo. Shemeji yake alinyakua simu, akapiga namba ya kwanza papo hapo, akatoka nayo ukumbini.

Muuguzi wa zamu, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti muda wote, aliinama akayatazama majina hayo.

"Kumbe wapo," alisema polepole. "Jana aliletwa baba mmoja wa ajali, damu yake aina hii hii; mkewe tulimwambia kwamba hawapo."

"Sasa yuko wapi?"

Muuguzi alianza kuipanga meza ambayo haikuhitaji kupangwa.

Shemeji akarudi mbio, anacheka huku machozi yakimtiririka. "Fundi viatu, hapo barabara ya pili. Ameshafunga kibanda, yuko njiani. Umetuokoa, shemeji."

Mtengeneza tovuti hakuweza kuinua uso kumtazama.