Painti Moja ya Damu

Damu yangu ilikuwa bado na joto nilipoibeba kuelekea chumba cha upasuaji. Painti moja. Samsam, aliyekuwa na miaka kumi na tisa, alihitaji nne.

Ilikuwa Januari 1998. Mvua za El Nino zilikuwa zimeikata barabara ya Nairobi, na Garissa yetu imebaki kisiwa katikati ya matope. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa tano, nimerudi nyumbani mtaa wa Waberi kwa likizo nikanaswa na mafuriko. Kila asubuhi nilikwenda hospitali kumsaidia Daktari Korane, daktari wa upasuaji pekee tuliyebaki naye. Alisomea ng'ambo, akarudi. Kwangu, kule kurudi kwake kulikuwa na uzito mkubwa kuliko vitabu vyote nilivyosoma. Aliponipa fomu ya kwenda kujifunza upasuaji Uingereza, nilimwambia sitaijaza.

"Nitabaki, kama wewe," nilisema.

Hakunisifu.

Samsam aliletwa kwa mkokoteni wa punda, mama yake, Raho, akitembea kando yake, nguo zimemloa hadi kiunoni. Kondo la nyuma lilikuwa limeziba njia ya mtoto. Daktari Korane alimpasua upesi, akatoa mtoto wa kike aliyelia kwa hasira, nasi tukacheka kwa faraja. Kicheko hicho hakikudumu. Damu ilianza kumtoka Samsam, ikawa haikomi. Jokofu la damu lilikuwa tupu. Gari la Nairobi lilikuwa halijafika kwa wiki mbili. Kati yetu tuliokuwa zamu, ni damu yangu tu iliyomfaa.

Mjomba wa Samsam, aliyekuja naye, alikimbilia msikitini kutafuta watu wa kutoa damu. Korane alimkanda Samsam tumbo, akashona, mwishowe akakitoa kizazi. Aliendelea kushona hata baada ya mimi kuacha kuusikia mpigo wa moyo. Mjomba aliporudi na wanaume saba, mikono ya kanzu wameshaipandisha, tulikuwa tumemfunika shuka.

Nilitoka kumwambia Raho. Alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea ukuta, mjukuu mapajani.

"Inna lillahi," alisema. Alimfunika mtoto miguu kwa mtandio wake, kisha akaniuliza kwa Kisomali, "Mwanangu, ugonjwa wake mliujua?"

"Tuliujua, eedo," nilisema, nikimwita shangazi.

"Na dawa yake?"

"Tuliijua."

Aliniangalia bila chuki, kama mtu anayejaribu kuelewa jambo gumu. "Sasa mlishindwa na nini?"

Kama tusingalijua ugonjwa wala dawa, ningalipata cha kusema.

Nilimkuta Korane akinawa mikono. Maji ya bomba yalikuwa na rangi ya chai.

"Ile fomu, Adow. Ijaze."

"Nilishakuambia, Daktari, mimi siendi."

"Na mimi nakuambia nenda. Nenda ukafanye kazi hii inavyotakiwa kufanywa, angalau miaka michache."

"Na wewe je?"

Alifunga bomba, akajifuta kidole kimoja kimoja. "Mimi nimeshazoea," alisema. "Kesho nitakuja kazini, na nitakula kifungua kinywa kwanza. Hilo ndilo linalonitisha."

Niliijaza wiki ile. Watu wa mtaani walisema nimefuata maisha mazuri, na mama yangu aliwaacha waseme. Sikumuaga Raho.

Miaka minne baadaye, katika hospitali ya mji wenye baridi, mwanamke mmoja alianza kutokwa na damu baada ya kujifungua. Nilipaza sauti kuomba damu. Ililetwa kabla sijamaliza kuvaa glavu, mifuko minne, na muuguzi akaniuliza kama nataka mingine. Mgonjwa aliishi. Jioni alikuwa ameketi kitandani anakunywa supu.

Mumewe alinishika mkono kwa mikono yake miwili, machozi yakimtoka, hakutaka kuniachia. Nilimwambia sikufanya jambo lolote la ajabu.

Alidhani ni unyenyekevu.